Siku Mbili Kati ya Corfu na Albania: Tathmini ya Safari Niliyoilipia

Mwezi Septemba nilinunua safari ya siku mbili inayoanzia mji wa Corfu, katika kisiwa cha Ugiriki chenye jina hilohilo, kuvuka bahari hadi Saranda kusini mwa Albania, kupanda milimani hadi mji wa Gjirokastër, kulala huko na kurudi kesho yake jioni. Nililipa euro 190, na ndani ya bei hiyo mlikuwamo matembezi ya mji wa Corfu jioni ya kuamkia safari, tiketi ya boti ya kwenda na kurudi, gari dogo la abiria wanane, malazi ya usiku mmoja pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, viingilio, na mtembeza wageni wa Kialbania aliyekuwa nasi tangu tulipokanyaga gati ya Saranda hadi tulipoagana naye palepale. Naandika tathmini hii kwa Kiswahili kwa sababu nilipokuwa nikijiandaa sikupata maelezo ya mtu yeyote aliyefanya safari hii akiwa na pasipoti ya Tanzania. Sababu ya pili ni kwamba kabla ya kuhamia Ujerumani nilitembeza wageni Mji Mkongwe wa Unguja kwa miaka saba. Kazi ya mtu anayesimama mbele ya kundi na kulieleza mahali lilipo naijua kwa ndani, na ndiyo ninayoipima hapa zaidi ya godoro na kifungua kinywa.

Anayetazama ramani atashangaa jinsi nchi hizi mbili zilivyokaribiana. Mlango wa bahari unaozitenga, kwenye sehemu yake nyembamba karibu na magofu ya Butrint, hauzidi kilomita tatu, umbali ambao mvuvi wa Kizimkazi angeuvuka kwa kasia bila kuaga mtu nyumbani. Lakini kwa zaidi ya miaka arobaini maji hayo yalikuwa mmoja wa mipaka migumu kabisa barani Ulaya. Upande wa magharibi Corfu ilijenga hoteli na, kuanzia miaka ya 1960, kupokea ndege za watalii. Upande wa mashariki Enver Hoxha, aliyeitawala Albania tangu 1944 hadi alipofariki Aprili 1985, alivunja urafiki na Yugoslavia mwaka 1948, na Urusi ya Kisovieti mwaka 1961, na China mwaka 1978, mpaka nchi ikabaki peke yake. Raia hakuruhusiwa kumiliki gari. Dini zote zilipigwa marufuku mwaka 1967. Kutoka nje ya nchi bila ruhusa kulihesabiwa kuwa uhaini, na adhabu yake iliweza kufika kifo. Safari niliyoilipia inampitisha mteja katikati ya historia hizo mbili kwa muda wa saa chache, na thamani yake yote inategemea kama atakuwapo mtu wa kumweleza kile anachokitazama.

Matembezi ya Corfu yalichukua saa moja na nusu, na ndiyo sehemu dhaifu ya huduma nzima. Mtembezaji wetu wa jioni hiyo alikuwa mchangamfu, Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na alijua pa kutusimamisha ili jua lisitupige machoni. Alituonyesha baraza za Liston na uwanja wa Spianada, ambako kriketi inachezwa hadi leo kwa sababu Waingereza walikisimamia kisiwa hiki tangu 1815 hadi 1864. Akatununulia tsitsibira, kinywaji cha tangawizi kilichoachwa na Waingereza haohao, ambacho ukikinywa kikiwa baridi utaikumbuka juisi ya miwa yenye tangawizi ya Forodhani. Akatusimulia jumba la Achilleion lililojengwa kwa ajili ya Elisabeth, mke wa mfalme wa Austria, na nyumba ya Mon Repos alikozaliwa Prince Philip mwaka 1921. Yote hayo ni ya kweli na yanapendeza kusikia. Lakini tuliposimama ukingoni tukaitazama milima ya Albania ng'ambo ya maji, ikibadilika rangi kwa machweo, alichosema ni kwamba picha hutoka vizuri zaidi mtu akisimama upande wa kushoto.

Nilimuuliza maswali mawili. La kwanza, enzi zile ng'ambo kulipokuwa giza, watu wa hapa waliona nini usiku? La pili, je, si kweli kwamba kati ya 1967 na 1974, Ugiriki ilipokuwa chini ya utawala wa wanajeshi, gereza la kisiwa hiki liliwekwa wapinzani wa kisiasa huku hoteli zikiendelea kupokea wageni? Alinijibu kwa adabu kwamba ni kweli, ila wageni hawaji likizo kusikiliza mambo hayo. Jibu hilo nalijua. Nimewahi kulitoa mimi mwenyewe, mbele ya Beit el Ajaib, kwa mgeni aliyeniuliza juu ya Mapinduzi ya 1964 na miaka iliyofuata, na badala ya kumjibu nikampeleka Darajani kumwonyesha karafuu. Kwa hiyo simlaumu kijana yule wa Corfu. Ninailaumu kampuni iliyompa njia isiyo na nafasi ya swali kama hilo, kwa maana mteja aliyekwisha kulipia safari ya Albania ameshaonyesha kwamba anataka kusikia.

Boti ya asubuhi iliondoka saa tatu kamili, na hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Albania iko nyuma ya Ugiriki kwa saa moja, na boti ya kasi huvuka kwa takriban nusu saa, hivyo aliyeondoka Corfu saa tatu hushuka Saranda saa mbili na nusu. Wakati wa kurudi, nusu saa ileile humlia msafiri saa moja na nusu. Kampuni iliandika saa zote kwenye tiketi bila kueleza ni za nchi gani, na wenzetu wawili kutoka Uholanzi nusura waachwe siku ya kurudi. Ni kosa la karatasi tu, nalo linasahihishika kwa mstari mmoja. Boti yenyewe ilikuwa ya aina ile yenye mabawa chini, ambayo huinuka juu ya maji ikishika kasi. Viti vilikuwa vya zamani lakini safi, jaketi za kuokolea zilionyeshwa kabla ya kung'oa nanga, na abiria hawakuzidi viti, jambo ambalo mtu wa Visiwani halipuuzi tangu kuzama kwa MV Spice Islander mwaka 2011. Kaa upande wa kushoto ukiweza.

Ukikaa upande huo utakiona, muda mfupi baada ya kutoka bandarini, kisiwa kidogo chenye miti kinachoitwa Lazaretto. Hakuna aliyetutajia jina lake. Zamani palikuwa karantini ya wasafiri wa baharini, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki, mwishoni mwa miaka ya 1940, wafungwa wa kikomunisti walipigwa risasi pale. Nilikitazama nikiikumbuka Changuu yetu, ambayo jela yake ya miaka ya 1890 iligeuzwa karantini, na ambako nimewapeleka wageni mara nyingi mno kuwalisha kobe. Nilikuwa nikimaliza maelezo yote ya Changuu kwa dakika tano, nne kati yake zikiwa za kobe.

Kabla sijaendelea niseme habari za hati, kwa sababu hapa ndipo msafiri wa kwetu anapoweza kupoteza fedha zake. Corfu iko Ugiriki, kwa hiyo Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, au kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen. Albania haimo Schengen, lakini humkubali mgeni mwenye kibali hicho cha ukaazi, na vilevile mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ambayo imeshatumika. Mwenye viza ya kuingia mara moja asithubutu kununua safari hii, kwani akishavuka kwenda Saranda atakuwa ametoka Schengen na hataweza kurudi Corfu. Kampuni haikuniuliza lolote kuhusu pasipoti yangu nilipokuwa ninalipa, na ilipaswa kuniuliza. Mimi nilikuwa na kibali cha Ujerumani, na ofisa wa Saranda alinigongea mhuri kwa muda usiozidi dakika mbili. Wakati wa kurudi tenga muda, maana foleni ya wasio raia wa Umoja wa Ulaya ni ndefu na boti huteremsha watu wengi kwa pamoja.

Waalbania wenyewe walianza kuingia Schengen bila viza Desemba 2010. Tulipokuwa tunashuka, familia za Saranda zilikuwa zinapanda boti ileile kwenda kununua vitu Corfu na kurudi jioni, watoto wakiwa na soda mikononi, kama watu wa Unguja wanavyopanda boti kwenda Dar es Salaam. Mtembezaji wetu wa pili, aliyekuwa akitungoja getini, alituomba tuwatazame kabla hajasema hata jina lake. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, aliyezaliwa na kukulia Saranda, na kabla ya kazi hii alikuwa mwalimu wa jiografia. Alisomesha ramani za nchi ambazo yeye wala wanafunzi wake hawakuruhusiwa kuzikanyaga, na ile iliyo karibu kuliko zote waliiona kupitia dirisha la darasa.

Hakutupeleka kwanza kwenye magofu. Alimwambia dereva asimame barabarani kabla ya Ksamil, mji mdogo wa ufukweni, akatuongoza hatua chache kupitia vichaka hadi kwenye handaki. Lilikuwa kuba la saruji lililozama nusu ardhini, lina mlango wa nyuma unaomlazimu mtu kuinama, na mbele lina tundu moja la mlalo la kutolea mtutu wa bunduki. Ndani palinuka mbuzi na unyevu. Saruji ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na ukutani alama za mbao zilizotumika kuimwagia zilikuwa bado zinaonekana, fundo kwa fundo. Aliniambia niweke jicho kwenye tundu. Niliona kipande cha bahari, na juu yake Corfu, karibu kiasi kwamba niliuona mng'ao wa kioo cha gari lililokuwa likipanda barabara ya kisiwani. Akaniacha nitazame kwa muda mrefu bila kusema neno. Huo ndio ufundi wa kazi yetu, na wengi hawanao, kwa sababu mtembezaji huogopa ukimya akidhani mteja atahesabu kwamba hapewi alichokilipia.

Tulipotoka nje ndipo alipoeleza. Mahandaki ya aina hiyo na nyinginezo yanakadiriwa kufika 173,000 katika nchi nzima, nchi ndogo kuliko mkoa wa Morogoro, na yalijengwa na taifa ambalo watu wake walipanga foleni ya maziwa. Askari aliyekaa ndani aliambiwa kwamba anamngoja adui atakayekuja kutoka baharini. Adui huyo hakuja. Waliokamatwa kwenye fukwe hizi walikuwa wakielekea upande wa pili, vijana walioingia majini usiku kujaribu kuogelea hadi kwenye taa za Corfu. Wako waliofika, wako waliozama, wako waliopigwa risasi na walinzi wa mpaka. Alituonyesha kwa kidole mahali kurunzi kubwa iliposimama, ikizunguka juu ya maji usiku kucha. Kuna nyakati, alisema, watoto wa Saranda waliifahamu bahari yao kwa mwanga wa kurunzi kuliko kwa mwanga wa mwezi, kwani baada ya giza kuingia hakuna aliyetakiwa kuonekana ufukweni.

Butrint ni pazuri, na saa mbili zilitutosha. Ni mji uliokaliwa na Wagiriki, Warumi na Waveneti kwa zamu, umezungukwa na maji na miti, na umekuwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1992. Kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Khrushchev, aliletwa kuutazama mwaka 1959, miaka miwili kabla ya urafiki kuvunjika. Vaa viatu vya kufunga, chukua maji, na usinunue ramani getini kwa sababu mtembezaji atakupa.

Chakula cha mchana Ksamil ndicho kilichoniudhi. Tulipelekwa mkahawa mmoja wa ufukweni ambao bila shaka una mapatano na kampuni, tukalipishwa wenyewe, na samaki mmoja mdogo alifika bei ya Corfu huku akiwa amekaushwa motoni mpaka akawa mgumu. Ufukwe mzima ulikuwa umepangwa vitanda vya kukodi hadi kwenye mstari wa maji, na mwanamke mmoja wa makamo aliyetandika taulo lake mchangani aliambiwa na kijana wa vitanda alihamishe. Alimjibu kwa Kialbania, kwa sauti ya juu, na mtembezaji wetu akatutafsiria: alikuwa akisema kwamba alipokuwa msichana hapa alifukuzwa na askari, na sasa anafukuzwa na mwavuli. Albania ilipokea wageni zaidi ya milioni 10 mwaka 2023, ilhali wakazi wake ni kama milioni 2.4. Mtu wa Nungwi au wa Paje hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Nilijisikia vibaya kukaa juu ya kitanda changu cha kukodi, nikaenda kukaa kwenye gari.

Barabara ya kwenda Gjirokastër hupanda mlima kisha hushuka kwenye bonde la mto Drino, na ni safari ya zaidi ya saa moja. Humo garini ndimo mtembezaji alipotusimulia habari za nyumbani kwao, bila kipaza sauti, akiwa amegeuka kwenye kiti cha mbele. Binamu yake alivuka kwenda Corfu kwa kuogelea. Alifika salama. Wiki mbili baadaye lori lilisimama usiku mbele ya nyumba ya baba yake mdogo, na familia yote, pamoja na bibi yao aliyekuwa haoni, ikapakiwa na kupelekwa kwenye tambarare za Myzeqe kulima mashamba ya serikali. Ndivyo sheria ya uhamisho ilivyofanya kazi: aliyekimbia hapatikani, kwa hiyo aliyebaki ndiye hulipa. Walikaa huko miaka kumi na moja. Watoto hawakuruhusiwa kuendelea na chuo, na kila siku jina la kila mtu mzima liliitwa ili ithibitike yupo. Binamu hakujua yaliyowapata mpaka 1991, alipopiga simu akitaka kuwasimulia jinsi kisiwa kilivyokuwa na mwanga. Mtembezaji aliyaeleza haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza habari za mvua, na alipomaliza akatuonyesha theluji ya mwaka jana ilikofika kwenye mlima.

Gjirokastër wenyewe huuita mji wa mawe, na kwa mtu wa Mji Mkongwe jina hilo peke yake lina ladha ya nyumbani. Nyumba zimeezekwa kwa mawe bapa, vichochoro vimetandikwa mawe, na mji umo katika orodha ya UNESCO tangu 2005, kama wetu ulivyoingia mwaka 2000 na ule wa Corfu mwaka 2007. Hoxha alizaliwa hapa mwaka 1908. Nyumba yake iliungua, ikajengwa upya mwaka 1966, na leo ni makumbusho ya vyombo na nguo za wenyeji ambamo jina lake halitajwi sana. Ngomeni juu kuna ndege ya mafunzo ya jeshi la Marekani iliyolazimika kutua Albania mwaka 1957, nayo serikali iliionyesha kwa raia kama ushahidi wa ujasusi. Chini ya ngome hiyohiyo kuna mahandaki yaliyochimbwa kwa siri, vyumba vya saruji 80, ili viongozi wa mji wajifiche vita vikizuka. Tuliingia kwa dakika ishirini. Vyumba vingi ni vitupu, baridi ni kali hata Septemba, na vibao vidogo juu ya milango bado vinataja kila ofisi ilikuwa ya nani. Wananchi wa kawaida waliokuwa wakiishi juu ya vyumba hivyo hawakujua kwamba vipo.

Jioni niliomba ruhusa nijitenge na kundi nikasali Magharibi katika msikiti wa sokoni, uliojengwa mwaka 1757. Misikiti mingine mingi ya mji huu ilibomolewa baada ya 1967. Huu ulinusurika kwa kuorodheshwa kuwa jengo la kumbukumbu, na kwa kuwa kuba lake ni refu, wanasarakasi walipewa wafanyie mazoezi ndani yake, wakining'inia kwenye kamba juu ya mahali pa safu za waumini. Tulikuwa watu watano. Mzee aliyekuwa kando yangu alinishika mkono baada ya salamu, akaniuliza kwa ishara nimetoka wapi, na nilipotamka Zanzibar akairudia mara mbili kwa kicheko cha furaha. Kampuni haikuuweka msikiti huu katika ratiba. Ninashauri iuweke, na si kwa ajili ya Waislamu peke yao.

Malazi yalikuwa katika nyumba ya familia, chumba safi, mashuka yaliyopigwa pasi, maji ya moto ya kutosha. Chakula cha usiku kilistahili sifa zote. Mama mwenye nyumba alipika qifqi, madonge ya wali yaliyochanganywa na mayai na nanaa, nayo huyakaanga katika chuma chenye vishimo vya mviringo ambacho, nilipokiona jikoni, nilisimama nikakitazama, kwani ni chuma cha vitumbua, hakina tofauti isipokuwa mpini mrefu. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya vitumbua vya shangazi yangu, akaiita familia nzima ije kuona.

Picha ile ilinifanya nimpigie shangazi mwenyewe, Kikwajuni. Baada ya shikamoo na marahaba nilianza kumsimulia habari za ruhusa ya kusafiri, foleni, na jirani anayemsikiliza jirani ukutani. Alininyamazia, kisha akasema, "Mwanangu, umekwenda mbali kote huko ukaelezwe hayo? Si ungeniuliza?" Akaniambia, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, jinsi enzi za Mzee Karume mtu hakutoka Unguja kwenda Bara bila karatasi ya ruhusa, na jinsi kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwao alivyoondoka usiku kwa ngalawa, na asubuhi mama yake akaitwa kuhojiwa akarudi hasemi. Mambo ya kwetu hayakufikia ukali wa Albania wala hayakuchukua miaka mingi kiasi kile, na siku hizi mgeni hushuka uwanja wa ndege wa Zanzibar na kuwa ufukweni kabla jasho halijamkauka. Lakini nimewatembeza watu kwa miaka saba nikipita mbele ya nyumba ile ya tatu, na sikuwahi kujua.

Tulirudi Saranda jioni ya pili. Mtembezaji alitupeleka kwenye baraza la ufukweni giza lilipoanza, tukiwa na dakika arobaini kabla ya boti, na akatuonyesha taa za Corfu zikiwaka moja baada ya nyingine. Sasa Saranda nayo inawaka, pengine zaidi, kwa sababu hoteli zimepanda mlima mzima. Nilimuuliza swali lilelile nililomuuliza mwenzake wa Corfu, wale wa ng'ambo waliona nini enzi hizo. Alisema amewahi kuwauliza wavuvi wa kule, nao walimwambia kwamba waliona weusi tu, na kurunzi moja.

Kwa jumla ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano, na nyota tatu kati ya hizo ni za mwalimu yule wa jiografia. Bei ni ya haki ukilinganisha na kununua kila kitu peke yako, maana tiketi za boti za kwenda na kurudi pekee hula sehemu kubwa ya fedha hizo. Nendeni Mei au Septemba, kwa sababu Julai na Agosti joto na msongamano wa Ksamil havivumiliki. Bebeni chakula chenu cha mchana cha siku ya kwanza. Fedha taslimu za Kialbania, leki, zinahitajika kidogo tu kwa chai na sadaka, kwani euro hupokewa karibu kila mahali. Muombeni kwa maandishi, wakati wa kulipa, mtembezaji aliyekulia Saranda, maana nilielezwa kwamba kuna pia vijana waliokariri karatasi.

Niliiandikia kampuni juu ya mambo matatu. Kuhusu saa za tiketi walijibu siku ileile na wamesahihisha. Kuhusu kuwauliza wateja habari za viza kabla ya kupokea fedha zao, wamesema wataliongeza kwenye fomu. Kuhusu matembezi ya Corfu hawajajibu. Nimeomba nafasi mbili za mwezi Mei, moja yangu na moja ya mdogo wangu, ambaye anatembeza wageni Mji Mkongwe hadi leo na ambaye ningependa asimame ndani ya handaki lile na kuweka jicho kwenye tundu. Yangu imeshathibitishwa. Yake inangoja viza.